Pakiti Saba Juu ya Mashine

Jumatatu, 3 Juni

Mvua, siku ya tano. Ukuta wa duka umeota ukungu nyuma ya picha ya Baba. Anaonekana amenuna kuliko alipokuwa hai.

Saa nne asubuhi Bi Yeh wa ofisi ya jengo amepanda na barua. Dada akamkaribisha chai, akakataa. Nikajua hapa kuna jambo. Jambo lenyewe: nusu ya ghorofa ya nne inapewa watu wa mashine za kunyakua midoli, zile za mkono wa chuma usioshika kitu. Duka la marehemu Lo tayari limejaa hizo mashine. Zinapiga muziki mchana kutwa mahali alipokuwa akitengeneza redio. Sisi wauza kadi za picha za kompyuta tumebaki wawili tu: familia ya Chiu, na Kang Teh-fu wa upande wa pili wa ukumbi. Miaka ishirini na sita natazamana na uso wa Kang. Sasa litabaki duka moja.

Nani abaki? Mashindano, Jumamosi, watu wakitazama. Bi Yeh kasoma masharti kwa mkupuo mmoja. Kila duka liunde kompyuta. Kasha sawa, prosesa sawa, kumbukumbu sawa. Kadi ya picha ni hiari ya mtu. Mchezo ni Bandari ya Majivu. Mbaya huo! Kila tone la mvua linachorwa peke yake, kila dirisha linaakisi moto, na kompyuta nyingi zinasalimu amri kabla meli ya kwanza haijazama. Mizunguko mitatu ya dakika kumi, bila kupumzika. Mwenye wastani mkubwa wa fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, anabaki karibu na ngazi. Mwenzake anashuka chini ya ardhi, jirani na mapipa ya taka. Mashine ikizimika katikati, umeshindwa. Saa ikishaanza, hakuna kugusa mashine. Hilo la mwisho kalirudia mara mbili akinitazama mimi. Kwa nini mimi?

Dada Su-chen kaikunja barua, kanikalisha kwenye stuli. Baba alitugawia kazi mapema: yeye ni mikono ya duka, mimi ni mdomo. Akasema safari hii hataki ujanja. Akanikumbusha kibandiko nilichobandika kwenye skrini ili sitini isomeke tisini. Akanikumbusha barua niliyomwandikia Kang nikijifanya mtu wa kodi. Kisha akashusha sauti, na dada akishusha sauti mimi huogopa.

"Wen-hsiung, nikikuta hila yako moja, hata ya kitoto, nachukua bisibisi za Baba napanda treni kwa Mei-fang. Na sirudi. Umenisikia?"

Mei-fang ni binti yake. Anakaa Tainan, ana chumba cha wageni chenye dirisha. Kwa hiyo hayo si maneno ya kutishia. Dada akiondoka, nani atafungua kasha? Mimi hata betri ya saa hunishinda. Na nani ataniuliza kama nimekula?

Nimeapa mbele ya Baba. Nimeshika ubani kwa mikono miwili. Baada ya hapo nikashuka kununua daftari hili la kuandikia mipango. Mipango mizuri tu.


Jumanne, 4 Juni

Tumepima kadi siku nzima. Dada ana utaratibu wake, aliurithi kwa Baba: mzunguko wa kwanza hauhesabiwi, unaofuata ndiyo kazi. Anaandika kwa penseli kwenye daftari la Baba: fremu, joto la kadi, joto la chumba, hata kama dirisha lilikuwa wazi.

Kadi ya kwanza inaitwa Radi Kuu. Feni tatu. Taa zinazobadilika rangi. Nzito kama tofali. Nilishaipenda kabla haijachomekwa. Dakika ya kwanza, fremu themanini! Nikapiga makofi. Dakika ya nne, sabini. Dakika ya nane, sitini na tano, na inavuma kama kikausha nywele cha saluni.

Ya pili haina hata jina la kumtajia mtu, ni herufi na tarakimu. Nyeusi, feni mbili, haina taa hata moja. Sabini na mbili. Sabini na mbili. Sabini na mbili mpaka mwisho. Nilisinzia, nikaamka, bado sabini na mbili.

Dada kachagua hiyo. Nikapinga kwa nguvu zote. Nikamwambia watu watakuja kutazama, na watu wanapenda taa. Akajibu bila kuinua macho kwamba Radi Kuu inamteka mteja anayesimama dakika moja, na mashindano ni nusu saa. "Na wewe ni hivyohivyo," akasema. "Dakika ya kwanza mtu anakuonea wivu. Dakika ya nane anatafuta pa kukimbilia." Wateja wawili walikuwepo. Walicheka mpaka wakasahau kununua.

Kang naye alikuwa anapima. Kaigeuza skrini yake ikatazama ukuta. Mtu mwema anaficha nini? Kesho nitachunguza. Kuchunguza si hila. Nimefikiria sana hilo, na si hila.


Jumatano, 5 Juni

Nimevaa koti la mvua, barakoa, na kofia ya pikipiki. Nikaingia dukani kwa Kang saa tano kama mteja kutoka mji wa Kaohsiung. Nikaibana sauti. Nikasema nataka kompyuta ya kuchezea Bandari ya Majivu, na kwamba nasikia duka la mbele lina wataalamu zaidi, hasa yule kaka mtu, je, ni kweli?

Kang ana miaka sitini na nane. Mkewe A-hsia alifariki Januari, na tangu hapo shati lake halijanyooshwa. Alinijibu kila swali kwa adabu. Alinionyesha kadi. Aliwasha mchezo kwa dakika kumi kamili ili nijionee. Kisha akanisindikiza mpaka mlangoni.

"Karibu tena, Bosi Chiu," akasema. "Msalimie dada yako. Na hizo ndala, siku nyingine zibadilishe."

Nilikuwa nimevaa ndala zangu za buluu. Dada ameziandika CHIU kwa wino mweusi, kila mguu.

Lakini nimepata nilichokifuata. Kang ana kadi ileile! Nyeusi, feni mbili, herufi zilezile. Wastani wake ni sitini na tisa. Sisi sabini na mbili. Tuko mbele kwa tatu. Mtu mwingine angelala usingizi mzuri.

Mimi nimerudi dukani nikakuta mashine yetu imezimika katikati ya mzunguko. Dada kasema ni jagi la umeme nililolichomeka kwenye soketi ileile na kuliacha linachemka. Sikubali. Nimelichomeka jagi hapo miaka yote. Nikageuka kutazama rafuni, nikaona. Pakiti yetu ya Tulia, ile ya kuzituliza mashine, imepitwa na muda! Tarehe kumi na saba Aprili! Wiki saba mashine zetu zinalindwa na pakiti iliyokufa, na sisi tunapima tu kama watu wenye akili.

Na hata ingekuwa nzima, dada anaiweka rafuni, pembeni, karibu na kalenda. Nimemwambia miaka mingapi? Tulia inakaa juu ya mashine. Ya Kang iko juu ya mashine. Nimeiona leo kwa macho yangu: ya kijani, kubwa, ile ya familia, imelazwa katikati ya kasha, juu kabisa ya yale matundu madogo madogo, na mashine yake haijazimika hata mara moja tangu mwaka jana.

Dada kasema Tulia ni vitafunwa vya mahindi vya watoto. Nikamwuliza kwa nini basi hospitali wanaiweka, na mabenki, na watu wa treni. Akasema hao nao wana kaka zao.

Nimezunguka mtaa mzima kwenye mvua. Duka la kwanza, za manjano tu. Duka la pili, za manjano na nyekundu. Nyekundu! Nani anauza nyekundu mtaa wa kompyuta? Kijani ni taa ya mashine nzima, nyekundu ni taa ya hitilafu. Duka la tatu nimekuta za kijani saba. Nimezibeba zote. Nilipozipanga mezani dada akafungua moja, akaila na chai huku akitazama tamthilia.

Zimebaki sita.


Alhamisi, 6 Juni

Nimefanya jambo. Naliandika haraka.

Saa saba na nusu baada ya chakula ghorofa yote huzima taa na kusinzia. Kang hulaza kichwa juu ya mikono, kwenye kaunta. Dada hulala ameketi, mkono kwenye daftari la Baba. Nikavuka ukumbi kwa soksi. Nikaichukua Tulia ya Kang kutoka juu ya mashine yake, nikaitia ndani ya shati, nikarudi. Ilikuwa na joto, kama mkate. Yote yamechukua muda mfupi kuliko kuyaandika.

Hesabu yangu ni hii. Bila Tulia, mashine ya Kang itazimika Jumamosi. Sijaigusa mashine. Sijagusa waya. Nimegusa vitafunwa. Hakuna sharti linalokataza.

Nikaitoa shatini nyuma ya maboksi. Ndipo nikaona imeandikwa. Wino mweusi, herufi kubwa zilizopinda: *Mashine, tulia. Usimsumbue mzee wangu. A-hsia.*

Nikakaa chini, juu ya boksi la nyaya. A-hsia alikuwa akiniletea chai ya tangawizi kila nikikohoa. Aliniletea hata mwaka ule mimi na Kang hatukusemeshana. Kumbe aliandika hii akiwa tayari mgonjwa. Nimejisikia vibaya. Vibaya kweli. Nikasema nitairudisha.

Kang akaamka kabla sijainuka.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Alitazama juu ya mashine, akapapasa kwa mkono kama asiyeamini macho. Akatazama chini ya meza. Akapiga magoti, na yeye magoti yanamsumbua, akapekua pipa la taka, karatasi moja moja. Kisha akaja kwetu. Akamwuliza dada, kwa upole, kama tumeona mtu akipita. Hakunitazama. Lakini mtu mwingine ukumbini, yule msichana anayeuza vifuniko vya simu, akanitazama, na dada yangu akamwona akinitazama.

Dada akasimama. "Kaka Kang," akasema, na sauti ikasikika mpaka kwenye ngazi, "huyu mdogo wangu ni mjinga, sikatai. Ana vituko, sikatai. Lakini kumwibia mtu kitu cha mkewe marehemu? Hapana. Hilo naapa mimi kwa jina la Baba yangu."

Nilikuwa namalizia wali na nyama ya nguruwe iliyobaki mchana. Nikalisukuma tonge kwa maji, nikatikisa kichwa kwa masikitiko pamoja na wengine. Nikamsaidia Kang kutafuta. Nilitafuta kuliko wote.

Kang amekataa kununua nyingine. Ameiacha mashine yake hivyohivyo, juu tupu. Mpango unaendelea vizuri.


Ijumaa, 7 Juni

Leo ni siku ya pili ya mwezi kwa kalenda ya mwandamo, kwa hiyo kila duka limetoa meza ukumbini kwa ajili ya Babu wa Ardhi, mungu anayelinda maduka. Matunda, maji, biskuti, ubani. Moshi umechanganyika na muziki wa mashine za midoli. Nikasema basi, si mimi wa kuamua. Nitamwuliza Babu mwenyewe. Nikachukua vile vibao viwili vya kuulizia, nikapiga magoti.

Niirudishe? Nikatupa. Kimoja chali, kimoja kifudifudi. Ndiyo.

Nikaona pengine hakunielewa. Niirudishe? Ndiyo.

Ya tatu, kwa hakika zaidi. Ndiyo.

Nikafikiri. Swali lilikuwa na kasoro. Nikauliza upya: niirudishe, lakini baada ya Jumamosi? Vibao vyote chali. Babu anacheka. Nikauliza: kuna ubaya gani nikiitumia siku moja tu halafu niirudishe ikiwa safi, na matunda juu yake? Anacheka. Nikauliza kama amekasirika. Anacheka tena! Babu akicheka hajakasirika. Nikamshukuru, nikanyanyuka, nikaongeza nanasi moja mezani.

Kwa maana nimewaza hivi: pakiti ambayo imeilinda mashine ya Kang tangu mwaka jana ina nguvu. Kuiacha ndani ya droo ni kuipoteza. Sita zangu ni mpya, hazina uzoefu. Nikiilaza ile chini kabisa, kifudifudi, na sita zangu juu yake, nani ataona?

Dada amepima mara ya mwisho. Sabini na mbili. Amefunga kasha, amelipangusa kwa kitambaa cha Baba. Akaniambia kwamba tukifanya tu kazi yetu tutabaki, kwamba ameshaona namba, na kwamba kwa mara ya kwanza tangu Baba afariki ana amani. Kisha akanipigapiga bega. Sikumbuki mara ya mwisho alifanya hivyo lini.

Nikamwomba kesho niibebe mashine mimi mwenyewe mpaka jukwaani na kuifunika kitambaa chekundu, kwa heshima. Akasema haya.


Jumamosi, 8 Juni

Naandika polepole.

Ukumbi ulijaa. Likizo, mvua, watu hawana pa kwenda. Joto la kukamua shati. Mashine mbili juu ya meza, skrini mbili kubwa nyuma. Yetu chini ya kitambaa chekundu. Ya Kang wazi, nyeusi, juu tupu. Dada alikuwa chini ngazini anasaini karatasi za Bi Yeh. Alipopanda, kengele ilikuwa inapigwa, na mimi nikakivuta kitambaa kwa mbwembwe.

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Pakiti sita za kijani, safu mbili, zimefunika juu yote ya kasha, sijaacha nafasi hata ya kidole. Na ya saba chini yao. Ilipendeza.

Dada hakupiga makofi. Akasema, "Toa hizo." Bi Yeh akasema saa imeshaanza. Dada akasema, "Bi Yeh, zile zinaziba hewa." Bi Yeh akasema sharti ni sharti, na akanitazama mimi, kama Jumatatu.

Mzunguko wa kwanza: sisi tulianza na sabini na mbili, Kang sabini na moja. Nikamkonyeza dada. Alikuwa ameshika daftari kifuani kwa mikono miwili. Dakika ya tano tukawa sitini na nane. Feni zikaanza kulia. Mzunguko wa pili, sitini na tatu. Kang sabini na moja. Nikaanza kumwomba Babu wa Ardhi kimoyomoyo. Mzunguko wa tatu, meli zinaungua, mvua inanyesha kwenye skrini vipande vipande, kama albamu ya picha. Sitini. Kang sabini na moja. Hata Kang mwenyewe alishangaa, nilimsikia akimwambia Bi Yeh kwamba haijawahi kumpa namba hiyo.

Kengele. Kang amebaki. Sisi tunashuka.

Dada akapanda jukwaani. Mashine ilikuwa bado inauendesha mchezo yenyewe. Akatoa pakiti ya kwanza, akaiweka mezani. Namba kwenye skrini ikapanda: sitini na mbili. Akatoa ya pili. Sitini na nne. Watu wakasogea kutazama. Ya tatu, ya nne, ya tano. Sitini na tisa. Ya sita. Akafika ya saba, iliyolala kifudifudi. Nikasema, "Dada, hiyo iache." Hakunisikia.

Akaigeuza. Akasoma. Nikaona midomo yake inasoma.

Aliipeleka kwa Kang kwa mikono miwili, akainama mpaka nywele zikamfunika uso. Kang akaipokea. Ilikuwa imelegea kwa joto. "Nilimwambia usichafue pakiti kwa wino," akasema. "Akaniambia, wewe mzee nyamaza." Kisha akamwambia dada anyanyuke, kwamba hana kosa, kwani hakujua. Dada akajibu kwamba ni kweli hakujua, lakini aliapa.

Mimi hakuna aliyenisemesha. Afadhali wangenitukana. Kang alinitazama mara moja tu, akageuka kuinua kasha lake, na magoti yakamsumbua, na dada yangu ndiye aliyemsaidia.

Nyuma yao skrini yetu ilikuwa inaonyesha sabini na mbili. Dada akachomoa penseli sikioni, akaiandika namba hiyo kwenye daftari. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote.

Nimewaza kosa langu liko wapi. Saba! Mwezi wa saba ni wa mizimu, mtoto mdogo anajua. Ningeweka nane.


Jumapili, 9 Juni

Dada ameondoka na treni ya saa tatu asubuhi.

Nilimbebea begi mpaka kwenye geti la stesheni. Bisibisi za Baba zilikuwa zinagongana humo ndani kila hatua. Picha ya Baba kaniachia. Alisema mtu anayebaki peke yake anahitaji kutazamwa.

Nilitaka kuomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nyumbani. Getini nikafungua mdomo nikasema leo treni itajaa sana. Akasema ndiyo, ni likizo. Akaninyoosha kola ya shati, akapitisha kadi ya treni, akaenda. Hakugeuka. Nilisimama pale mpaka mtu wa usafi akaniomba ninyanyue mguu.


Jumatatu, 10 Juni

Sikukuu ya mashindano ya mashua. Ngoma zake zinasikika kwenye runinga ya jirani. Kila mwaka dada hupika wali wa kufunga kwa majani, na mimi humlalamikia kwamba chumvi imezidi. Leo nimekula tambi za pakiti, na chumvi yake haikufaa kabisa.

Simu ya dada inaita. Haipokewi. Nimepiga mara kumi na moja.


Alhamisi, 13 Juni

Siku ya pili chini ya ardhi. Mapipa yananuka kuanzia saa nne. Wateja watatu: wawili wameulizia choo. Wa tatu kaleta kompyuta inayozimika, nikaitazama, ikanitazama. Nimempeleka kwa Kang, ghorofa ya nne.

Kang alishuka mchana. Kabeba feni ya mezani, ile ya zamani ya A-hsia, kaichomeka pembeni yangu bila kusalimia. "Huku chini hakuna hewa," akasema. "Utakufa na utatunukia." Akakaa kidogo kwenye boksi. Nikamwuliza kama ameirudisha pakiti juu ya mashine. Akasema hapana, ameiweka nyumbani mbele ya picha ya mkewe. Rohoni niliona ni kupoteza nguvu bure.

Alasiri umefika mzigo kutoka Tainan. Mwandiko wa dada! Nikakata kamba kwa meno. Ndani kuna wali wa kufunga kwa majani, vifurushi kumi, na ukurasa uliochanwa kutoka daftari la Baba. Penseli:

*Kang na pakiti: 69. Kang bila pakiti: 71.*
*Sisi na pakiti saba: 60. Sisi bila pakiti: 72.*
*Mashine inataka kupumua, Wen-hsiung. Ni hilo tu.*
*Wali uchemshe kabla ya kula.*

Nimelia. Sioni haya kuandika. Nimelia mpaka mlinzi wa mapipa akachungulia. Hajaandika kwamba amenisamehe. Hajaandika kwamba anarudi. Lakini kachana ukurasa wa Baba kwa ajili yangu, yeye ambaye hakuwahi kunikubalia hata nikunje kona.

Nimeusoma mara kumi. Nimesoma namba kutoka juu, nimesoma kutoka chini. Nilijua dada asingeniandikia bure, kuna kitu anataka nikione. Na mara ya kumi na moja nimekiona. Nimecheka peke yangu huku kamasi zinatoka. Jinsi nilivyokuwa kipofu!

Tatizo halikuwa saba wala nane. Pakiti ya Kang ililinda kwa sababu iliandikwa na mkono wa mtu anayempenda. Zangu sita zilikuwa tupu, hazina hata neno. Na ile yenye neno ilimtaja mzee wa mtu mwingine, itanisaidiaje mimi? Ndiyo maana kila pakiti ilipotoka namba ilipanda. Zilikuwa zinanikataa moja moja.

Nimechukua mkasi. Nimeukata ule mstari wa tatu, taratibu, bila kugusa penseli. Nimeubandika kwa gundi kwenye Tulia ya kijani, mpya, ile kubwa ya familia, tarehe mpaka mwakani. *Mashine inataka kupumua, Wen-hsiung.* Jina langu kabisa, kwa mkono wa dada yangu.

Nimeilaza juu ya kasha, katikati, juu ya matundu. Imeenea vizuri, haikuacha hata moja wazi. Nimegeuza ile feni ya A-hsia pembeni isije ikaipeperusha.

Nimewasha mchezo. Baada ya dakika tano mashine imeanza kunguruma. Imeutambua mwandiko.